Hesabu ya Vijiti Saba

Duka lao na langu yaligawana ukuta mmoja. Mimi nilikuwa nauza vitambaa, wao wakitengeneza redio, feni, pasi na chochote chenye waya. Duka lilikuwa la baba yao, lakini macho ya mzee yalipoanza kufifia, kazi yote ikamwangukia binti yake wa kwanza. Watu wakamzoea, wakamwita Fundi Mkubwa, ingawa wakati huo hajafika hata miaka ishirini na mitano.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono mikavu iliyojaa alama za kuungua. Mama yao alifariki wakati yeye ana miaka kumi na sita, na mdogo wake wa kike ana sita. Akaacha shule. Asubuhi alimsuka mdogo wake nywele, mchana akainama mezani kwa baba yake, jioni akapika. Mdogo alipofika miaka kumi, dada yake ndiye aliyemkalisha kwenye kigoda na kumkabidhi chuma cha kulehemu. Nilikuwa napita kuomba chaji, nikamsikia akisema, "Usikishike kama kijiko. Kishike kama kalamu. Na usipumue huo moshi, pua si dohani." Mtoto alicheka mpaka akakidondosha, kikatoboa kitambaa cha meza.

Miaka ikaenda. Mdogo akafaulu, akaingia chuo cha ufundi, akakaa huko miaka mitatu. Akarudi na cheti. Baba yao akakitia kwenye fremu, akaagiza kitundikwe ukutani juu ya meza ya kazi, yaani juu kabisa ya kichwa cha binti yake mkubwa. Mzee hakuweza kukisoma, ila kila asubuhi alipoingia aligusa kioo chake kwa kidole, kisha ndipo akasalimia.

"Mwanzoni nilifurahi," Fundi Mkubwa aliniambia miaka mingi baadaye, kwani mengi ya haya nimeyapata kinywani mwake. "Nilifurahi wiki nzima. Halafu akaja mteja mmoja na amplifaya, akachungulia ndani, akaniuliza, 'Fundi Mdogo yupo?' Nikamwambia niachie mimi. Akasema hapana, atarudi kesho."

Alifunga duka siku ile bila kumwambia mtu neno. Tangu hapo akawa anahesabu. Mteja aliyemtaka yeye, na mteja aliyemtaka mdogo wake. Mdogo akicheka na mteja, yeye roho inamuuma. Mdogo akigundua ubovu wa redio kwa dakika tano, yeye anajiambia ni bahati tu. Na kibaya zaidi, mdogo mtu hakuwa na habari kabisa. Alikuwa akiita "Dada" kwa ile sauti yake ya utotoni, akimpokonya kikombe cha chai na kunywa funda moja kama alivyozoea. Mtu anayekuonea wivu ukimpa sababu ya kukuchukia unamrahisishia kazi. Huyu hakutoa sababu hata moja.

Ndipo akaja msimamizi wa kliniki ya mtaa wa juu. Wagonjwa pale walipewa kadi zenye namba, na muuguzi alikuwa akitoka mlangoni kuwaita kwa sauti. Ukumbi una kelele, watoto wanalia, watu wanapitwa na zamu zao, na muuguzi mwenyewe sauti imemkauka. Msimamizi alitaka kibao cha namba cha kuwaka. Muuguzi abonyeze kitufe mezani kwake, na namba ibadilike ukumbini.

"Nimeambiwa hapa kuna binti aliyesomea," msimamizi alisema.

Fundi Mkubwa alikuwa amesimama mbele yake, bisibisi mkononi. Kabla hajajibu, baba yake akaitika kutoka kitini pembeni, "Yupo! Huyo ndiye mwenye akili ya hesabu. Mdogo! Njoo, kuna mgeni wako."

Fundi Mkubwa akatabasamu kwa meno tu, akarudi kwenye feni yake.

Mdogo alifanya kazi ile wiki mbili kwa moyo wote. Kibao kilikuwa na tarakimu mbili, ya makumi na ya mamoja, kila moja ukubwa wa kiganja. Kila tarakimu ina vijiti saba vya mwanga, na kila kijiti ni LED moja, kitaa kidogo angavu nyuma ya plastiki nyeupe, chenye rezista yake ya kuubana mkondo usizidi. Ukiwasha vijiti viwili vya kulia unapata moja, ukiwasha vyote saba unapata nane. Ile sehemu inayohesabu vibonyezo ni dhaifu, haina nguvu ya kuwasha taa zenyewe, kwa hiyo kati yake na taa aliweka chipu za bafa, moja kwa kila tarakimu. Kazi ya bafa ni kupokea amri hafifu upande huu na kutoa mkondo wa kutosha upande wa pili.

Alhamisi moja asubuhi, kabla ya kufunika sanduku, alileta daftari lake mezani kwa dada yake.

"Dada, hebu niangalizie hesabu. Macho yangu yamezoea, hayaoni tena."

"Nisomee."

"LED inakula volti mbili. Umeme wetu volti tano, kwa hiyo zinabaki tatu za rezista. Rezista ni ya ohm mia na hamsini, mkondo unakuwa miliampia ishirini kwa kila kijiti. Karatasi ya chipu inasema kila mguu unaotoa unavumilia hadi thelathini na tano, basi ishirini ni salama. Vijiti kumi na vinne mara ishirini, mia mbili na themanini. Adapta ni ya mia tano. Nimewasha nane mbili hapa mezani dakika nzima, zimewaka vizuri. Tuko pazuri?"

Fundi Mkubwa alilichukua daftari. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Kuzidisha hakukuwa na kosa. Lakini mara moja aliona kilichokosekana, kama unavyoona jino lililong'oka mdomoni mwa mtu. Mdogo wake alikuwa amepima kila mguu peke yake, kisha akapima adapta, akaisahau chipu yenyewe katikati. Mkondo wa vijiti vyote saba unaingia kwenye chipu kwa mguu mmoja, ule wa umeme. Na mguu huo, karatasi ile ile inasema ukurasa wa nyuma, mwisho wake ni sabini kwa chipu nzima. Nane ingeubebesha mia na arobaini.

Alilijua hilo kwa ngozi yake. Miaka mingi nyuma, alipokuwa akijifunza peke yake bila chuo, aliunguza chipu kama hiyo kwenye bango la kinyozi, akaigusa kwa kidole cha shahada ili aone kama ina joto. Alama bado ipo. Baba yake alimgombeza mbele ya kinyozi. Hakuna aliyemfungulia ukurasa wa nyuma wakati ule, alijisemea. Kwa nini yeye amfungulie huyu aliyekaa darasani miaka mitatu?

"Iko sawa," akasema, akamrudishia daftari.

"Kweli? Umeangalia vizuri?"

"Nimekwambia iko sawa."

"Basi moyo umetulia," mdogo wake akasema, akambusu shavuni na kwenda zake kufunga sanduku kwa skrubu nane.

Mchana ule kibao kikatundikwa kliniki. Msimamizi alibonyeza, moja ikawaka, mbili ikawaka, watu wakapiga makofi. Baba yao alipelekwa kwa kushikwa mkono, akapapasa uso wa kibao kwa vidole vyote kumi. "Kazi ya binti yangu," akamwambia muuguzi. Fundi Mkubwa ndiye aliyemshika mkono huo. Katika maisha yake yote, aliniambia, hajawahi kumsikia baba yake akilitamka neno hilo kwa mtu wa nje, "binti yangu," kwa sauti ile.

Alijua kibao hakitakufa siku hiyo. Siku za kawaida kliniki huishia arobaini na kitu, na hadi hapo makumi hayazidi vijiti vitano. Chipu inazidiwa kidogo lakini inavumilia. Tarakimu ya mamoja nayo ikifika nane hukaa hapo mgonjwa mmoja tu, kisha ikabadilika. Hatari ilikuwa kwenye makumi, maana makumi yakiingia nane yanakaa nane kwa wagonjwa kumi wazima, ndani ya sanduku lisilo na tundu la hewa. Na namba za themanini hufikiwa Jumatatu tu, siku ya watu wengi.

Akangoja Jumatatu. Ijumaa hakula vizuri. Jumamosi alimkemea mdogo wake kwa sababu ya uzi wa risasi ya kulehemu uliokuwa mahali pake. Jumapili mara mbili alifungua kinywa, mara mbili akakifunga. Kila alipotaka kusema, alimwona baba yake na vile vidole kumi.

Jumatatu alisema kifua kinambana, anakwenda kliniki. Alifika umekaribia mchana, makusudi, akapewa kadi ya themanini na saba. Akakaa kwenye benchi ukutani, macho kwenye kibao. Kilikuwa kinaonyesha hamsini na mbili. Aliniambia alihisi kama mtu aliyekwenda harusini kwa adui yake, amevaa vizuri, akisubiri chakula kiungue.

Sitini zikapita. Sabini zikapita, na kwenye saba chipu ikapumzika kidogo, vijiti vitatu tu. Pembeni yake alikuwa mama mmoja kijana na mtoto wa miaka miwili hivi begani, mtoto amelegea, midomo imekauka.

Themanini ikawaka. Watu wawili wakaingia mmoja baada ya mwingine, hamna neno. Fundi Mkubwa akaanza kudhani amekosea, na hilo likamuuma zaidi. Lakini ilipofika themanini na mbili aliona mwanga wa makumi umekuwa wa maji. Kisha kijiti cha juu kulia kikapepesa kama jicho lenye mchanga, kikazimika. Nane ikikosa kijiti hicho inakuwa sita.

Muuguzi ndani akabonyeza. Ukumbini ikawaka sitini na tatu.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeinuka. Muuguzi alisubiri, akadhani mgonjwa ameondoka, akabonyeza tena. Sitini na nne.

"Mbona kinarudi nyuma?" mzee mmoja akauliza.

"Dada," yule mama kijana akamgeukia Fundi Mkubwa, akamwonyesha kadi yake. "Mimi ni themanini na nne. Hiyo inasema sitini na nne. Ina maana nina watu ishirini mbele yangu?"

Fundi Mkubwa akaitazama ile kadi. Akarudisha macho kwenye kibao.

"Nani kaunda kitu hiki?" mwanamume mwenye bandeji mkononi akasema.

"Si yule binti wa fundi, aliyetoka chuo."

"Ndiyo hao! Vyeti vingi, kazi hamna."

Hapo ndipo alipoipata sentensi aliyokuwa ameisubiri siku nne. Aliniambia bila kunificha kwamba ilikuwa tamu, ilimshuka kooni kama maji ya baridi. Aliirudia moyoni. Vyeti vingi, kazi hamna. Na wakati akiirudia ikawaka sitini na tano, na baada ya muda sitini na sita. Yule mama alikuwa amejiegemeza ukutani, ameshakubali kusubiri. Mkono wa mtoto ulimdondokea Fundi Mkubwa pajani. Ulikuwa unawaka moto kuliko chuma chochote alichowahi kushika, na hapo anatia chumvi, lakini ndivyo alivyosema.

Ikawaka sitini na saba. Yaani themanini na saba. Ilikuwa zamu yake, na katika ukumbi mzima ni yeye peke yake aliyejua.

Akainuka. "Mama, twende."

"Namba yangu bado."

"Imepita. Kibao kinadanganya. Twende!"

Akamsukuma hadi mlangoni, akafungua bila kubisha hodi. Muuguzi akang'aka, "Themanini na saba ni mmoja, mbona wawili?" Kisha akamwona mtoto, akaacha maneno. Walimlaza, wakampima joto, daktari akaitwa kutoka chumba cha pili. Mtoto alipona, nisije nikakutia wasiwasi bure. Lakini daktari alisema mbele ya Fundi Mkubwa, "Huyu alipaswa kuwa ndani tangu nusu saa iliyopita," na maneno hayo aliyabeba.

Akarudi ukumbini, akapanda kiti, akachomoa adapta ukutani. Muuguzi akarudi kuita watu kwa sauti yake iliyokauka, akianza na wale watatu waliorukwa.

Mdogo mtu alikuja mbio, amepigiwa simu, kandambili mkononi. Alifungua skrubu nane pale pale, akagusa chipu ya makumi, akavuta mkono haraka. Yule mwenye bandeji akaanza tena maneno yake. Mdogo akageuka akawaambia watu wote, "Kosa ni langu. Nisameheni. Nitalirekebisha." Hakulia. Fundi Mkubwa alikuwa amesimama pale pale, akimshikia bisibisi.

Walirudi kwa miguu, mdogo amekumbatia sanduku kifuani, midomo inamchezacheza kwa hesabu. "Ishirini mara saba... ishirini mara saba..." Mbele ya duka la viatu akasimama katikati ya njia, baiskeli ikamkwepa.

"Mguu wa umeme! Mia na arobaini kwa chipu moja. Nilisahau jumla ya chipu. Mungu wangu, kosa la kitoto hivi!" Kisha akamgeukia. "Lakini Dada, na wewe uliangalia."

Uongo ulikuwa tayari ulimini. "Kosa lilinipita." Maneno mawili tu, na mdogo wake angeyaamini, hata angemwonea huruma.

"Niliona," Fundi Mkubwa akasema.

"Uliona lini?"

"Siku ile. Uliponipa daftari."

Mdogo alimtazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Ukaniambia iko sawa."

"Ndiyo."

"Mara mbili. Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo."

"Ungenipiga kofi," mdogo akasema taratibu. "Ungenipiga kofi mbele ya watu, Dada, ningejua tu umekasirika." Akamwacha pale, akaenda zake na sanduku.

Jioni ile Fundi Mkubwa alimweleza baba yake kila kitu. Mzee alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Sasa ulitaka nini, mwanangu?"

"Nilitaka unitaje na mimi."

"Wewe? Wewe ni mkono wangu. Tangu macho yaondoke, nafanya kila kitu kupitia kwako. Mtu anausifu mkono wake?"

"Basi usinifanye mkono, Baba," akajibu kwa ukali ambao hajawahi kuutumia kwake, akatoka nje akakaa kizingitini pa duka langu. Nilimletea kigoda. Hakukitaka.

Mdogo aling'oa chipu iliyoungua akaweka mpya, akabadilisha rezista zote kumi na nne, akaweka za ohm mia nne na sabini. Mkondo ukashuka hadi miliampia sita na kitu kwa kijiti, nane nzima haifiki hamsini, na LED zile zilikuwa angavu kiasi kwamba ukumbini hakuna aliyeona tofauti. Akatoboa na matundu ya hewa. Alimaliza mchana mmoja, bila kumuuliza mtu. Na unajua dada yake alihisi nini alipomwona akimaliza? Wivu. Alijicheka mwenyewe aliponisimulia. "Nilikuwa nimekwisha kuaibika, nimeungama, nimelia, na bado nikasema moyoni, mbona ameweza upesi hivyo!"

Siku tisa hawakusemezana. Walikaa meza moja wamepeana migongo, wakipitishiana koleo kwa kupitia kwa baba yao, na mzee asiyeona akawa anapapasa hewani kama tarishi. Mimi nilicheka nyuma ya vitambaa vyangu, Mungu anisamehe.

Siku ya kumi, mdogo akaweka karatasi mezani mbele ya dada yake. Ilikuwa fomu ya mtihani wa ufundi, ule wa watu waliojifunzia kazini bila kupita darasani.

"Jaza."

"Unanionea huruma?"

"Huruma ipi? Bado nimekukasirikia. Jaza, mwisho ni Ijumaa."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa utarudia. Kosa langu hukuliona kwa kubahatisha, Dada. Uliliona kwa kutupa jicho mara moja. Darasa letu tulikuwa ishirini na wawili, sidhani kama wangeliona watatu."

Fundi Mkubwa alisema hilo lilimuuma kuliko yale ya mbele ya duka la viatu, kwa sababu ndiyo sifa aliyokuwa akiitafuta muda wote, na imetoka kwa mtu aliyemdhulumu. Akajaza. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kwa kukaa bila kuandika, mdogo akamnyang'anya kalamu akamwandikia upya, wakagombana juu ya tahajia ya mtaa wao wenyewe. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kusemezana. Haikuwa kama zamani. Mdogo aliacha kunywa chai kwenye kikombe cha dada yake kwa muda mrefu, na daftari lake la hesabu akawa anamaliza kulikagua mwenyewe kabla ya kumpa mtu.

Mtihani ulifanyika kwenye karakana ya chuo, siku mbili. Alikwenda na miwani mpya, amevaa gauni la kitambaa nilichompunguzia bei. Aliporudi siku ya kwanza nikamuuliza mambo yamekwendaje.

"Vizuri," akasema. "Swali la mkondo lilikuja, nikalimaliza." Kisha akakunja uso. "Ila meza ya pembeni kulikuwa na kijana mmoja, amemaliza kabla yangu. Anafungasha vifaa vyake, anapiga miluzi!"

"Ukafanya nini?"

"Nikamtamani apate sifuri," akasema, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la gauni. "Halafu nikaona ameacha waya wake wa ardhi haujafungwa. Nikamwita, nikamwonyesha. Nimekaa dakika nzima kabla ya kumwita, sikufichi. Lakini nilimwita."

Alifaulu. Siku cheti kilipokuja, mdogo mtu ndiye aliyepanda kwenye kiti na nyundo, akitafuta mahali penye ukuta mzima, huku dada yake chini akimwambia apeleke kushoto, apeleke kushoto zaidi, pale hapaonekani kutoka mlangoni.